Ukisikia, Nyosha Mkono

Yule dada alikuwa amebakiza mzizi mmoja. Si mzizi wa mti wala wa mganga, mzizi wa jino. Chuo chao kinamtaka kila mwanafunzi wa udaktari wa meno atibu mizizi mitatu kwa mkono wake mwenyewe, mwalimu akiangalia, na kila mmoja ukiisha mwalimu anasaini kwenye kitabu chenye jalada la bluu. Yeye alikuwa na sahihi mbili. Ya tatu nilikuwa nimeibeba mimi mdomoni, juu upande wa kushoto, nazunguka nayo Tunduma nzima bila kujua kuna mtu anaihitaji.

Mimi ni mtu wa utani. Nisipolisema hilo mapema hutanielewa. Sasa niko kidato cha nne, na kwenye ripoti yangu ya mwaka jana mwalimu wa darasa aliandika kwamba nina akili ila sina breki. Mama aliisoma kwa sauti pale anapouzia vitenge, karibu na mpaka, mbele ya wateja wake wa Zambia. Mteja mmoja akauliza maana yake, mama akamtafsiria kwa Kibemba cha kuokoteza, yule mama wa watu akanitazama na kusema, "Awe, bamayo, huyu ataolewa na dereva wa lori." Wakacheka. Na mimi nikacheka. Nilikuwa bado nina meno ya kuchekea.

Meno yenyewe niliyaumiza mstarini. Nilikuwa namwigiza mwalimu wa nidhamu anavyotembea kinyumenyume huku anahesabu vichwa vya wanafunzi. Niliigiza vizuri kupita kiasi. Watu walipocheka nikaongeza mwendo, nikageuka ghafla, nikalikumbatia bomba la maji kwa mdomo. Damu ilitoka, mdomo ukavimba kama andazi, lakini hakuna jino lililoanguka, nikajihesabia ushindi. Miezi ikapita. Halafu kikaota kijipu kwenye ufizi, katikati ya meno mawili: jino kubwa la mbele, na lile dogo la pembeni yake ambalo nililiita Jirani. Kijipu kikijaa kinatumbuka chenyewe, kinatoa maji ya chumvichumvi, kinafunga, baada ya wiki kimerudi. Nilikuwa nawaonyesha wenzangu wakati wa kula ili waniachie maharage yao.

Bibi yangu wa kule karibu na Mbozi Mission alinifungua mdomo, akachungulia, akasema maneno mawili ya Kinyiha ambayo mama alikataa kunitafsiria. Kisha kwa Kiswahili: "Ling'olewe. Utabaki na mengine."

Tungeling'oa kweli. Lakini wiki hiyo walikuja shuleni wanafunzi sita wa udaktari, makoti meupe na tochi, wakatupanga mstari kama ng'ombe wa kuogeshwa na kutukagua midomo. Alinishika yeye, yule dada. Alikuwa mrefu, mwembamba, ana sauti ya mtu anayeomba radhi hata akiwa hajakosea. Akanimulika, akabonyeza kijipu kwa kidole chenye glavu, akatulia.

"Mdogo wangu," akasema, "haya meno hatuyang'oi. Mojawapo limekufa ndani, lakini mzizi wake unaokoleka. Unaweza kuja hospitali kesho na mzazi?"

"Limekufa? Basi na msiba je?"

Akacheka. Hilo ndilo lilikuwa tatizo. Alikuwa mtu rahisi sana kucheka.

Hospitali yenyewe sitaitaja. Ukitoka Tunduma kuelekea Vwawa utaipita. Wale wanafunzi walipewa chumba chenye viti vitatu vya meno na meza ndefu. Juu ya meza kulikuwa na meno ya watu, yaliyong'olewa siku nyingi, yamesimikwa kwenye vibonge vya plasta, kila kibonge kimeandikwa namba. Walikuwa wanafanyia mazoezi meno hayo kabla ya kuruhusiwa kumgusa mtu: wanatoboa jino kwa nyuma, wanaingiza visindano vyembamba kama unywele, wanasugua ndani ya mzizi, wanaosha, wanapima urefu, wanajaza. Mama aliyaona yale meno akanong'ona kwamba yeye anakaa nje.

Mwalimu wao alikuwa mwanaume mfupi, mzee kidogo, miwani inaning'inia shingoni kwa kamba. Alikuwa hafundishi kwa kueleza. Alifundisha kwa kuuliza na kisha kunyamaza, mpaka mtu anajisikia vibaya na kujibu lolote. Neno lake kubwa lilikuwa mashahidi. Mwanafunzi akisema jino fulani limekufa, yeye anauliza, "Mashahidi wako ni nani?" Picha ni shahidi. Kugonga jino kwa mpini wa kioo ni shahidi. Na kuna pamba iliyopuliziwa dawa ya baridi kali: ukiigusisha kwenye jino lililo hai, mtu anaruka, kwenye lililokufa, hakuna kitu. Hapo shahidi ni mgonjwa mwenyewe, kwa sababu hakuna mashine yoyote pale ndani inayojua anachopata. Mdomo umejaa vifaa, hawezi kuongea, kwa hiyo anatumia mkono.

Kabla yangu kwenye kiti alikuwepo mzee mmoja aliyetoka Ibaba, juu huko Ileje, amepanda magari mawili kwa ajili ya jino. Kiswahili chake kilikuwa na mlima ndani. Mwanafunzi wa kiume ndiye aliyekuwa anampima.

"Shikamoo mzee. Nitaweka pamba hii kwenye jino. Ukisikia, nyosha mkono. Sawa?"

Mzee akanyosha mkono.

"Bado sijaweka, mzee."

"Ee. Nimesikia."

"Subiri kwanza. Nikiweka. Unasikia?"

Mkono juu tena, umenyooka kama wa mtoto wa darasa la kwanza anayejua jibu. Yule kijana akahamia jino la pili, la tatu, na kila akiuliza unasikia, mkono unapanda. Mara moja aliuliza pamba ikiwa bado iko kwenye sahani. Mkono ukapanda. Mimi kwenye benchi nilikuwa nimejiziba mdomo kwa sweta, machozi yananitoka.

Mwalimu akasema, "Simameni wote." Wakasimama viti vyote vitatu. "Mzee amekosea?"

"Hajaelewa, Mwalimu," yule kijana akajibu.

"Ameelewa kuliko wewe. Umemwambia akisikia anyoshe mkono, na masikio yake ni mazima. Anakusikia." Akawageukia wote. "Kuanzia leo neno hilo silitaki kwenye viti hivi. Semeni: jino likishtuka kwa baridi, nyosha mkono. Likishtuka. Nimeeleweka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

Mzee akawatazama mmoja mmoja. "Kwa hiyo nimeshinda?"

Chumba kizima kilicheka, hata mwalimu. Nikasema moyoni: huu utani ni mzuri sana kuachiwa mzee peke yake.

Nilipoitwa, yule dada alikuwa ananawa. Wenzake wawili wa kiume walikuwa karibu na sinki lingine, wanaongea kwa ile sauti ya chini inayosikika kuliko ya juu. "Asipopata mzizi wa tatu kabla hatujaondoka, anadisko. Ameshakariri mwaka mara moja." Mwenzake akasema, "Huyu mtoto ndiye wa mwisho. Wengine wote ni magego, ya mizizi mingi, haturuhusiwi."

Mimi disko nilijua ni muziki. Nikakaa kwenye kiti, nikamuuliza, "Dada, kumbe unaenda disko? Wapi? Nikusindikize?"

Alitabasamu, niliona kwenye macho yake maana mdomo ulikuwa umefunikwa na barakoa. "Disko la chuo halina muziki, mdogo wangu. Unapewa barua, unafunga begi, unarudi kwenu na miaka yako mitano." Akavuta taa karibu. "Ndiyo maana leo uniombee."

Basi nilijua. Nimejaribu kuiandika sehemu hii nikiwa sijui, na haikuandikika. Nilijua, lakini nilijua kama unavyojua kwamba mwakani kuna mitihani. Nilichokuwa nacho mbele yangu ni mzee wa Ibaba na watu sita wakicheka.

Akaanza. Akagonga kubwa kwa mpini wa kioo, likauma. Akagonga Jirani, likauma vilevile. Picha ya mionzi ilikuwa imeshatoka: wingu jeusi moja limekaa juu ya mizizi yote miwili kama limelipia sehemu zote mbili. Mashahidi wawili, na wote hawakusema lolote. Ikabaki baridi, yaani nikabaki mimi.

Akachukua pamba, akaipulizia, ikafuka moshi. Akasema kwa ile sauti yake ya kuomba radhi, haraka, kama mtu anayesema sala aliyozoea tangu utotoni:

"Ukisikia, nyosha mkono."

Neno lenyewe! Saa moja tu baada ya kukatazwa. Nilimwangalia kama atajirekebisha. Hakujirekebisha. Hakujua hata kama amelisema. Na mimi, mtu asiye na breki, nikaamua kumtii neno kwa neno.

Aligusa kubwa kwanza, kimya, bila kusema kitu. Baridi ilinipanda mpaka machoni, kama mtu amenichoma msumari wa barafu. Lakini sikuwa nimesikia sauti yoyote, eti, kwa hiyo mkono wangu ulibaki umelala tumboni. Nilibana vidole vya miguu ndani ya viatu. Akasubiri, akaandika. Akahamia Jirani. Pale sikupata kitu, kama amegusa jino la mtu mwingine. Akasubiri tena, akasogea karibu, akauliza, "Unasikia hapa?"

Nimesikia. Nikanyosha mkono, umenyooka kama wa yule mzee.

Nilikuwa nasubiri ashtuke, aseme we mtoto wewe, chumba kicheke. Badala yake aliandika. Kisha akasema, "Narudia, ili niwe na uhakika." Mara ya pili aliuliza kote kote, lakini mimi nilikuwa nimeshachagua upande. Kubwa, mkono chini. Jirani, mkono juu. Akashusha pumzi ndefu.

"Ahsante, mdogo wangu. Umejibu vizuri kuliko wagonjwa wote wa leo."

Sijawahi kushukuriwa hospitalini. Shuleni pia si mara nyingi. Ule utani ulikuwa kinywani tayari, ulikuwa unatakiwa utoke sekunde ileile, na shukrani yake ikaukalia. Nikawaza, nitasema mwalimu akija, itachekesha zaidi.

Mwalimu akaja. "Mashahidi?"

"Picha, giza liko juu ya yote mawili, Mwalimu. Kugonga, yanauma yote mawili. Baridi, kubwa kimya, la pembeni liko hai. Nimerudia mara mbili, jibu lile lile."

"Una shahidi mmoja tu basi."

"Ndiyo, Mwalimu. Lakini hakubadilika."

Mwalimu akanitazama juu ya miwani. "Hivyo ndivyo, binti?"

Akanyosha mkono kuchukua pamba ili anipime mwenyewe. Nakumbuka vidole vyake vilivyokuwa juu ya kile kikopo. Kwenye kiti cha tatu mtu akaanza kuita, "Mwalimu, damu haikati, Mwalimu!" Akageuka, akaenda, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi alikuwa na haraka na koti lina madoa. Aliangalia karatasi, akaniangalia mimi, mimi nikatikisa kichwa kukubali. Akasaini ruhusa: kesho, jino kubwa la mbele, lifunguliwe.

Njiani kurudi mama aliniuliza wamesemaje. Nikamwambia watatibu. Nilikuwa na jioni nzima na asubuhi nzima. Namba ya yule dada ilikuwa kwenye kadi yangu, kwa mwandiko wake, chini ya maneno "ukipata maumivu nipigie." Niliitazama. Nikajiambia meno yenyewe yanakaa jirani, kijipu kiko katikati, dawa itajua njia.

Kesho yake mama hakuja, alikuwa na mzigo. Yule dada alinichoma ganzi polepole, akinieleza kila kitu kabla hajakifanya. Halafu akanifunika mdomo kwa karatasi ya mpira ya kijani iliyotobolewa tundu moja, kwenye tundu likatokeza jino kubwa peke yake, kama mtu aliyetoa kichwa dirishani. Huo mpira ni wa kuzuia mate yasiingie kwenye mzizi. Unazuia na maneno. Nilitambua hilo mdomo tayari umeshabanwa.

Mashine ikalia. Nilisikia harufu ya jino langu likisagika. Wenzake wawili walisimama upande mmoja kujifunza. Kisha mashine ikanyamaza na mmoja wao akasema, "Damu."

"Ni masalia," yule dada akasema. "Inawezekana halijafa lote chini." Sauti yake ilikuwa inamwambia yeye mwenyewe.

Nikanyosha mkono.

"Ganzi imepungua," yule mwenzake akasema. "Muongeze."

Nikaongezewa sindano. Nikanyosha tena, nikaupunga, akaushika mkono wangu kwa upole akaulaza tumboni. "Vumilia kidogo mdogo wangu. Kidogo tu." Akaingiza kisindano, akakizungusha, akavuta. Kwenye ncha yake kilining'inia kitu chembamba, chekundu, kirefu kama uzi uliolowa, hakijakatika popote. Hata mimi ambaye sijasoma udaktari niliona kwamba kile kitu kilikuwa kizima.

Nilimwona akikitazama kwenye mwanga wa taa. Jino lililokufa halina uzi. Lina usaha, lina harufu, lina uozo. Walikuwa wameambiwa hivyo kwenye meza ya plasta na mimi nikiwa nawasikiliza kutoka kwenye benchi.

"Mwalimu," akaita. Hakupaza sauti, lakini mwalimu alikuja kama ameitwa kwa kengele.

Akatazama uzi, akatazama jino, akatazama picha ukutani. Akaongea nao kwa Kiingereza, chini, sentensi tatu. Kisha kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu: "Hili lilikuwa zima. Mshipa umeshatoka, haurudi. Maliza. Ulichokifungua ukifunge vizuri."

Alimaliza. Ilichukua muda mara tatu ya kipindi cha hesabu. Aliosha mzizi kwa dawa inayonuka kama ya kutolea madoa, akapima urefu, akasugua, akaosha, akakausha kwa vijiti vya karatasi, akajaza kwa vijiti vya rangi ya waridi vilivyolainishwa kwa moto. Mara moja tone la chozi lilianguka kwenye plastiki niliyofungwa kifuani, likatoa mlio mdogo. Alijifuta jicho kwa bega, akaendelea. Wenzake walikuwa wameondoka mmoja mmoja, kama watu wanaokwepa kuaga.

Wakanipiga picha. Mwalimu akaishika kwenye mwanga, akaitazama muda mrefu kuliko picha zote za siku ile. Yule dada alikuwa amesimama na kitabu cha bluu, amekifungua ukurasa wa tatu, sijui kwa mazoea au kwa matumaini.

"Hii sisaini," mwalimu akasema.

Mpira ulikuwa umeshatolewa. Nikasema, "Ni mimi." Lakini mdomo ulikuwa na ganzi mara mbili, ukatoka kama "ni nini". Mwalimu akaanza kunieleza ni nini. Nikatikisa kichwa, nikashika mdomo wa juu kwa vidole kama mtu anayeshika pazia, nikarudia.

"Ni mimi. Nilidanganya. Baridi niliipata kwenye kubwa, sikunyosha. Kwenye dogo sikupata kitu, nikanyosha. Nilikuwa natania."

Hakuna aliyecheka. Nilimwona yule dada akinitazama, na usoni mwake kulikuwa na kitu kama mtu aliyesogezewa kiti baada ya kusimama siku nzima. Nikadhani namuokoa. Nikataka kumuokoa zaidi, nimweleze mwalimu kila kitu, aone kwamba kosa lote ni langu.

"Yeye alifanya sawasawa," nikasema. "Aliniambia nikisikia ninyoshe mkono. Ni mimi nilinyosha pale nilipomsikia yeye anaongea. Kama yule mzee wa jana."

Mwalimu alikuwa anakunja miwani yake. Akaacha.

"Alikwambia nini?"

Na mimi, nimeongeza spidi tayari, nikarudia kwa sauti yake kabisa, ile ya kuomba radhi, maana kuigiza watu naweza hata nikiwa na ganzi: "Ukisikia, nyosha mkono."

Akamgeukia. "Ulitumia neno hilo?"

Angeweza kusema hapana. Mimi ni mtoto niliyekwisha kukiri uongo mara moja, nani angeniamini.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Nilikataza lini?"

"Asubuhi ile ile, Mwalimu."

Kimya chake kile cha kufundishia kikaingia, ila safari hii hakikuwa kinangoja jibu. Kisha akasema polepole, "Mgonjwa anaweza kutania. Anaweza kuogopa, anaweza kutuelewa vibaya, ana ruhusa. Wewe ulikuwa na shahidi mmoja na ukamuuliza kwa neno bovu." Akachukua kalamu. "Na mimi nilisaini ruhusa bila kuweka pamba kwa mkono wangu. Hilo nitaliandika pia." Akaandika yote mawili kwenye karatasi moja, la kwake kwanza, akanisomea, akaniuliza kama ni kweli. Nikasema ni kweli. Lilikuwa jibu langu la kwanza la ukweli kwenye kile chumba, na ndilo lililomfungia mlango.

Nje nilimkuta kwenye benchi la wagonjwa, amevua koti, amelikunja mapajani. Bila koti alionekana kama dada wa mtu yeyote. Nikakaa mwisho wa benchi.

"Dada, nisamehe."

"Namba yangu ulikuwa nayo," akasema.

"Nilikuwa nayo."

"Ungenipigia jana jioni ningecheka." Aliangalia mbele, kwenye ukuta wenye bango la kunawa mikono. "Kweli ningecheka. Ningekwambia we mtoto we, njoo tuanze upya."

Akalikunjua koti, akalikunja tena.

"Nenda nyumbani," akasema. "Usitafune upande huo mpaka ganzi iishe, utajing'ata."

Mama nilimwambia siku hiyo hiyo. Hakunipiga. Aliacha kukunja kitenge, akakaa juu ya mzigo, akaniuliza mara tatu, "Yule binti aliyekuwa ananiita mama?" Mteja akaja, akamsalimu kwa Kibemba, "Mulishani, bamayo," na mama hakuitikia. Kesho yake alifunga meza, tukaenda wote wawili kumwomba msamaha. Tukaambiwa ameshapanda basi. Haruhusiwi kumshika mgonjwa mwingine mpaka kikao cha chuo kikae, kwa hiyo hapakuwa na sababu ya kubaki. Jirani alitibiwa siku hiyo na mwalimu mwenyewe. Alipolifungua harufu ilijaa chumba, wanafunzi watano wakasogea kutazama, mwalimu akasema, "Hii sasa ndiyo maiti," na mama akatoka nje.

Nilipiga ile namba mara nyingi. Mwanzoni ilikuwa inaita, baadaye ikawa haipatikani. Mwisho nilimtafuta yule kijana aliyempima mzee wa Ibaba. Alijibu kwa ujumbe wa maneno mawili. "Alidisko, mdogo."

Baada ya nusu mwaka nilitakiwa kurudi kupigwa picha, kuona kama wingu limepungua. Nilienda na sare za shule. Chumba kilikuwa kile kile, meza ile ile ya plasta, wanafunzi wengine sita ambao sijawahi kuwaona, na mwalimu na kamba yake ya miwani. Hakunisemesha zaidi ya salamu. Wingu lilikuwa limepungua sana. Jino kubwa lilikuwa limeanza kubadilika rangi, kijivu kidogo karibu na ufizi, kama maziwa yaliyoingia majivu.

Mwalimu aliiweka picha kwenye kisanduku cha mwanga, akawaita wote sita.

"Tazameni mzizi huu mkubwa," akasema. "Ujazo umefika mwisho kabisa, haujapita, haujapungua. Hakuna nafasi, hakuna kiputo cha hewa. Ndivyo ninavyotaka. Mwaka mzima sijaona kazi kama hii kwa mwanafunzi."

Waliinama wote. Mmoja akapiga mluzi mdogo. Mwingine akauliza, "Mwalimu, aliyefanya hii yuko mwaka gani sasa?"

"Hayuko chuoni," mwalimu akasema, akaanza kufuta miwani ambayo haikuwa na vumbi.

Binti mmoja wa kundi lile, mfupi, ana daftari jipya, alikuwa anaandika historia ya mgonjwa. Alinigeukia akaniuliza kama mtu anayejaza fomu. "Hili dogo naona lilikuwa na usaha. Na hili kubwa, lilikuwa na tatizo gani?"

Nilimwangalia mwalimu. Aliendelea kufuta miwani.

"Halikuwa na kitu," nikasema. "Lilikuwa zima."

Binti akadhani hajanipata vizuri. Akasogeza kiti chake karibu, akafungua ukurasa mpya, nikaanza kumweleza.